Ukurasa wa Tatu

Ijumaa, hapa Kisumu, ni siku ya wafu.
Saa moja unusu nafungua kufuli mbili na komeo,
nahesabu watu kabla ya kuhesabu rimu:
Ogweno yuko, anafuta rola kwa mafuta ya taa;
Mukoya yuko, kidole chake kifupi
(kikatio kilimla ncha kabla sijaajiriwa)
kinapapasa ukingo wa karatasi kama daktari apapasavyo tumbo;
Kwamboka yuko, chai kando ya kompyuta ingawa nimemkataza;
Kegode hayuko. Kegode huwa "niko njiani, madam."
Njia ya Kegode ni ndefu kuliko ya kwenda Busia.

Usiku ziwa limepumua humu ndani.
Karatasi za juu zimekunja masikio,
nazigeuza, nazipepeta, nazilaza chini ya matofali.
Na wale wadudu wa ziwa, wingu zima lililopenya dirishani,
wamenata kwenye wino mbichi wa jana:
mikato ambayo hakuna aliyeichapa.

Kazi yangu?
Sichapi. Sikati. Sibani pini.
Mimi ni jicho, na kalamu nyekundu, na ugomvi wa simu:
mwalimu mkuu fulani wa Ahero, mitihani ya muhula uliopita,
"kesho, madam." Kesho yake ina mvi.

Saa nne, vijitabu vya mazishi, nakala mia nne.
Mama Peresia Nyangweso wa Seme.
Kwenye jalada anacheka, pengo lake wazi,
utadhani mpiga picha ndiye aliyejikwaa.
Mochari wanafungua saa kumi na mbili alfajiri.
Wafu hawaongezewi muda.

Stima ikapotea saa sita, ikarudi saa tisa.
Mashine ikaanza tena kutafuna,
Mukoya akakata, Kegode akakunja, pini zikauma migongo.
Saa kumi na moja akaja binti kuvichukua.
Akafungua ukurasa wa tatu akiwa bado amesimama,
akafuata orodha kwa ukucha: watoto wa marehemu.
Akarudi juu. Akashuka tena.
"Sisi tuko saba," akasema.
Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

Nami, Mungu anisamehe, nikageuka, mdomo umeshajaa:
Kwamboka, hii ni mara ya pili!
Karatasi ya nani? Wino wa nani? Mshahara wa nani utakatwa?
Hakujibu. Alivuta faili,
akatoa nakala ya kusahihishia,
akaiweka mezani taratibu, kama mtu anayerudisha chenji.
Chini, kwa wino mwekundu: Sawa. Chapa.
Na sahihi yangu, na mkia wake wa madaha.
Saa tatu na dakika arubaini.
Nilikuwa kwenye simu, na Ahero.

Sheria niliitunga mwenyewe, imebandikwa mlangoni:
anayeharibu anaandikwa.
Nikafungua daftari la hasara,
nikajiandika, na jina la baba pia.
Ogweno akatazama pembeni, akaanza kuosha rola bila kuambiwa.
Kegode, huyo huyo wa njiani, akasema, "Leo nalala hapa."

Tuling'oa pini mia nane kwa kisu cha siagi
ili kuokoa majalada.
Saa tisa usiku tulimaliza. Watoto saba, wa nne ni Roslida.
Mwenyewe alikuwa amesinzia kwenye benchi, viatu mkononi.
Nilipomwamsha alisoma jina lake tu, akafunga.

Zile karatasi mbovu sikuzichoma.
Nyuma palikuwa patupu, pa kuandikia rambirambi.
Mukoya alizikata, akazigundisha,
ndizo sasa daftari letu la zamu.
Kila asubuhi naandika: nani yuko, nani yuko njiani.
Mara nyingine upepo unageuza karatasi
na ninaona watoto sita.
Narudi upande wangu. Nahesabu watu upya.